Kabla hujaikabidhi programu mambo yako: jibu kwa mwalimu wa Muheza

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Simu yangu ni ya Android, ina GB 32 na RAM ya GB 2. Mwaka huu nimepakua programu za kila aina: ya hesabu za kikoba (mimi ni mweka hazina, tuko akina mama 22), ya magonjwa ya mimea kwa ajili ya shamba langu la muhogo, ya kutambua ndege kwa sababu nawapenda tangu utoto, na nyingine za mapishi na mazoezi ambazo hata majina sizikumbuki. Sasa simu imejaa na bando haliishi wiki. Halafu mwenzangu wa ofisini alipakua programu ya mkopo, akachelewa kurejesha, wakamdhalilisha kwa watu wote waliomo kwenye simu yake. Sitaki kuacha kujaribu vitu vipya, ila naogopa. Mtu anajaribuje programu bila kujiumiza? Na kwa hayo matatu, kikoba, muhogo na ndege, unanishauri nini?

Jibu:

Mwalimu, habari za Muheza. Naanza na hofu yako: usiache kujaribu. Nawafahamu watu wengi ambao baada ya kusikia visa kama cha mwenzako wamebaki na WhatsApp, kamera na tochi basi, wakati simu waliyoinunua kwa jasho lao ingeweza kuwapunguzia kazi wanazozifanya kwa mkono mpaka usiku. Kujaribu hakuna ubaya. Ubaya huanza pale mtu anapopakua programu nane jioni moja, anakubali kila anachoulizwa ili aingie haraka, kisha anaziacha zote humo ndani zikila bando na kusoma mambo yake.

Mimi kila programu naipima kwa swali moja kabla ya mengine: nikitaka kuondoka kesho, nitaondoka na vitu vyangu? Wengi hutazama rangi, wepesi, na nyota zilizotolewa na watumiaji. Hayo ni ya mlango wa kuingilia, na watengenezaji wanaupamba kwa sababu ndipo wanapokupata. Mlango wa kutokea ndio unaoonyesha wanakuheshimu kiasi gani, na hakuna anayeujaribu mpaka siku simu inapoibiwa au kampuni inapofunga biashara. Wewe ujaribu siku ya kwanza, kabla hujaweka kitu cha maana.

Nafasi na bando nitavimaliza upesi, maana bila nafasi hakuna cha kujaribu. Katika GB 32 zilizoandikwa kwenye boksi, mfumo wa simu wenyewe umeshachukua sehemu kubwa. Kinachojaza kilichobaki, kwa simu nyingi zinazopita mikononi mwangu, ni video na picha za makundi ya WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha pale pa kusimamia hifadhi. Itakupangia mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Futa usiyoyahitaji, halafu zima upakuaji wa video wa moja kwa moja. Ukitoka hapo fungua Play Store, gusa picha yako juu, nenda kwenye usimamizi wa programu, panga orodha kwa zile unazozitumia kwa nadra. Za mapishi na mazoezi usizozikumbuka majina utazikuta hapo. Zitoe. Usipakue programu za "kusafisha simu" au "kuongeza kasi". Android inajipangia RAM yenyewe, na nyingi ya hizo huishi kwa kukuonyesha matangazo.

Kuhusu bando, masasisho ya Play Store yaweke yafanyike kwenye Wi-Fi peke yake, na washa kiokoa data, kipo tangu Android 7 ya mwaka 2016. Kila unapoweka programu mpya, subiri siku mbili tatu, kisha tazama kwenye mipangilio ya mtandao programu hiyo imekula MB ngapi. Programu ya kuandika madokezo iliyokula MB 200 haikuwa inaandika madokezo. Ilikuwa inapakua matangazo kwa fedha yako.

Sasa kikoba. Hapa nitakaa, kwa sababu ni fedha za watu na jina lako ndilo liko mbele.

Usiijaribu programu ya hesabu kwa kikao cha leo. Chukua daftari, chagua vikao viwili vitatu vilivyokwisha, ambavyo hesabu zake zilisomwa mbele ya wanachama na kukubaliwa. Viingize kwenye programu kama vile vinatokea sasa, ila usitumie majina halisi wala namba za simu. Andika Mama wa Kwanza, Mama wa Pili, inatosha. Na usichague kikao kilichonyooka. Tafuta kile kilichowasumbua: mama mmoja alinunua hisa pungufu, mwingine alileta nusu ya rejesho mkononi na nusu akatuma kwa simu kesho yake, wa tatu alitozwa faini ya kuchelewa, na mfuko wa jamii ukatoa rambirambi siku hiyo hiyo. Programu iliyotengenezwa na mtu asiyekijua kikoba itakwama hapo. Haitakuwa na pa kuandika nusu rejesho, au itakiita faini kila kitu kilichochelewa. Ukijikuta unaandika jambo lisilo kweli ili programu ikukubalie kuendelea, iache. Hesabu zako zitakuwa zimeharibika kabla hujafika mwisho wa mzunguko.

Majumla yakilingana na daftari, fanya kosa kwa makusudi. Andika 5,000 mahali pa 50,000, hifadhi, kisha rudi urekebishe. Angalia kama programu inaonyesha kwamba palikuwa na kosa na nani alilirekebisha lini. Kwenye daftari mnakata kwa mstari mmoja, mnaandika juu yake, mnatia sahihi, na kila mtu anaona. Programu inayokuruhusu kubadilisha kikao cha miezi minne iliyopita bila kuacha alama inakuweka wewe hatarini, hata uwe mwaminifu namna gani. Siku ya kuvunja kikoba, mwanachama akisema hisa zake hazikuwa hizo, hutakuwa na cha kumwonyesha.

Baada ya hapo, jaribu kutoka. Tafuta mahali pa kuzitoa kumbukumbu kama faili. Likiwa la CSV au la Excel ni vizuri, kwa sababu litafunguka kwenye programu nyingine yoyote ya majedwali na utaweza kuendelea kuhesabu. Likiwa PDF peke yake, umepewa picha ya kusoma: siku ukihama utaandika kila kitu upya. Mtumie katibu faili hilo alifungue kwenye simu yake. Kisha fanya jambo ambalo watu wanaliogopa: ifute programu yote, uiweke tena, uone kinachorudi. Kwa kuwa uliingiza majina ya bandia, huna cha kupoteza. Kama hakirudi kitu, maana yake kumbukumbu zilikuwa ndani ya simu yako tu, na siku simu ikidondoka majini, hesabu za akina mama 22 zimekwenda nayo. Kama vimerudi vyote kwa kuandika namba ya simu bila nywila wala namba ya siri, jiulize ni nani mwingine angeweza kuingia kwa njia hiyo hiyo.

Ukiniuliza nachagua nini mimi, kwa kikoba cha watu 22 nachagua jedwali la Google Sheets pamoja na daftari la karatasi, si programu maalumu ya vikoba. Jedwali halina mapambo, lakini ni lako, linatoka kama Excel wakati wowote, na unaweza kuliwekea alama lifunguke hata pasipo mtandao. Siri ya kulipanga vizuri ni kutoa mstari mmoja kwa kila tukio la fedha. Safu A weka tarehe, safu B namba ya mwanachama, safu C aina (hisa, jamii, mkopo, rejesho, faini), safu D kiasi, safu E aliyepokea. Wengi hufanya kosa la kumpa kila mwanachama safu yake, na baada ya miezi mitatu jedwali linakuwa pana halisomeki. Ukishaandika matukio namna hii, ukurasa wa pili unahesabu wenyewe. Kujua jumla ya hisa za mwanachama namba 7 unaandika hivi, ukitaja jina la ukurasa wa matukio, tuseme unaitwa Vikao:

=SUMIFS(Vikao!D:D, Vikao!B:B, 7, Vikao!C:C, "hisa")

Badilisha "hisa" uweke "faini", unapata faini zake. Simu ikikataa koma, weka nukta-mkato mahali pake, inategemea nchi iliyowekwa kwenye mipangilio ya jedwali. Mwenyekiti na katibu wape ruhusa ya kutazama tu, uhariri ubaki kwako. Ukifungua jedwali hilo kwenye kompyuta, ya shule au ya stationery, utaona historia ya matoleo: nani alibadilisha nini, tarehe gani. Hiyo ndiyo alama niliyokuwa naisema. Na daftari lenye sahihi liendelee kama kawaida, kwa sababu kwenye kikao wanachama wanaamini kile walichokitia sahihi kwa mkono wao.

Jambo jingine hapo hapo: majina, namba za simu na madeni ya wenzako ni taarifa zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kabla ya kuingiza orodha ya kikoba kwenye programu ya kampuni yoyote, liweke mezani kwenye kikao, waambie inakwenda wapi, wakubali, na uliandike kwenye muhtasari. Katika jedwali tumia namba za wanachama. Majina yakae kwenye daftari.

Shamba la muhogo ni habari tofauti kabisa, maana hapo programu haikutunzii kitu, inakupa jibu. Na programu inayokupa jibu hupimwa kwa swali ambalo jibu lake unalijua tayari.

Sijui umepakua ipi, lakini ningekushauri PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Ina Kiswahili, inafanya kazi shambani bila mtandao ukishaipakua, na ilifunzwa kwa picha za muhogo zilizopigwa mashambani humu humu Tanzania. Programu nyingi za magonjwa ya mimea zilizotengenezwa kwa nyanya na zabibu za Ulaya hazina sifa hiyo ya mwisho. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakwambia kama inaona magonjwa ya muhogo ya batobato au michirizi ya kahawia, au dalili za utitiri wa kijani.

Hata hivyo usiliamini jani moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Nuru ulionyesha kwamba kwa jani moja usahihi wake ulikuwa kama asilimia 65, na ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88 watu walipokagua majani sita ya mmea ule ule. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo haikuletwa na simu bora wala toleo jipya. Imeletwa na mtumiaji aliyekuwa na subira ya kuinama mara sita. Kwa hiyo kesho nenda kwenye shina ambalo afisa ugani alishakwambia lina batobato, kagua majani sita, ya juu na ya chini. Kisha nenda kwenye shina lililo zima kabisa, fanya vile vile. Ikikosea kwenye yale unayoyajua, usiisikilize kwenye yale usiyoyajua. Na hata ikipatia, kabla ya kung'oa sehemu ya shamba mwite afisa ugani, hasa kwa michirizi ya kahawia, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuozesha kiazi chini wakati majani yanaonekana na nafuu. Kwa wewe wa Muheza hili lina uzito wake: maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya ugonjwa huo yaliandikwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, hapo juu milimani kwenu.

Na kwa kuwa tumefika Amani, tuzungumze ndege, sehemu ya barua yako iliyonifurahisha kuliko zote. Watu huniuliza programu za kazi na za fedha, ni wachache wanaosema wazi kwamba wanataka simu iwasaidie kufurahia kitu wanachokipenda. Tena unaishi karibu na misitu ya Usambara Mashariki, ambako watu wanapanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuona viumbe unaoweza kuwafuata Jumamosi kwa basi.

Chukua Merlin Bird ID, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ni ya bure na haina matangazo. Unaiwekea kifurushi cha ndege wa eneo lako, na hapo uwe makini: Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, kifurushi kina picha na sauti zao, kwa hiyo ni kizito. Kipakue kwenye Wi-Fi baada ya kuondoa zile video za WhatsApp. Halafu, ungali nyumbani, zima mtandao wote kwa kuweka simu katika hali ya ndegeni, ujaribu kuitumia. Programu zinazojisifu kuwa hazihitaji mtandao ni nyingi. Njia ya kujua ukweli ni hiyo, na ni heri uijue sebuleni kuliko ukiwa katikati ya msitu pasipo hata alama moja ya mtandao.

Ijaribu kwanza kwa ndege unayemfahamu vizuri, kwa mfano yule hondohondo mkubwa mwenye pembe ya rangi ya krimu juu ya mdomo anayepita kwa kelele juu ya miti ya Amani. Merlin itakuuliza umemwona wapi, tarehe gani, ana ukubwa wa ndege gani kati ya wale wanaochorwa pale, alikuwa na rangi zipi, alikuwa anafanya nini: anakula chini, anaogelea, yuko juu mtini, anaruka. Kisha inakuletea orodha ya wanaowezekana. Utaona kwamba jibu linakuwa zuri kadiri ulivyotazama vizuri. Ukijibu kwa kubahatisha rangi, utaletewa orodha ndefu isiyokusaidia. Baada ya majuma machache utajikuta unatazama kichwa, kifua na mkia kwa mpangilio bila kuambiwa, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko jina lenyewe.

Sehemu ya kutambua sauti usiitegemee sana kwa sasa. Nguvu yake kubwa iko kwa ndege wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, ambako rekodi za kuifundishia ni nyingi. Msitu wa Usambara una ndege wa sehemu chache mno duniani, kama chozi wa Amani, na yule shoro mdogo wa vichakani anayeitwa kisayansi Artisornis moreaui, kwa heshima ya mtaalamu wa ndege Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani kuanzia 1928. Kwa viumbe wa namna hiyo, simu ikikupa jina kwa sauti peke yake, liandike kwa penseli. Mtu wa kumuuliza ni mwongoza wageni wa hifadhi aliyekulia pale.

Na mlango wa kutokea? Merlin inashirikiana na eBird, ya Cornell hiyo hiyo, ambako unatunza orodha ya ndege wote uliowaona, mahali na siku. eBird inakuruhusu kuomba kumbukumbu zako zote kama faili la CSV. Kwa hiyo hata ukiichoka baada ya miaka kumi, miaka kumi yako utabaki nayo. Tena utakuwa umesaidia: orodha hizo zinatumiwa na watafiti, na mtu anayeandika ndege wa Muheza kila juma kwa uaminifu anaijazia ramani mahali penye pengo.

Umeniuliza namna ya kujaribu bila kujiumiza, na hapo tunafika kwenye ruhusa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu inalazimika kukuomba ruhusa inapotaka kamera, maikrofoni, mahali ulipo, orodha ya majina au ujumbe mfupi. Tangu Android 11 unaweza kuikubalia mara hiyo moja tu, na tangu Android 12 unaweza kuipa mahali ulipo kwa kukadiria, yaani ijue uko Muheza bila kujua nyumba. Zoea kukataa kwanza. Ikataze, uone kama inaendelea kufanya kazi. Merlin ukiinyima maikrofoni itaendelea kukujibu kwa picha na kwa maswali, haitasikiliza sauti tu, na hiyo ni haki. Programu ya mapishi inayogoma kufunguka mpaka uipe orodha ya majina inataka majina, si kukufundisha pilau.

Hili si la kubuni. Desemba 2013 tume ya FTC ya Marekani, inayolinda watumiaji, ilifikia makubaliano na watengenezaji wa programu moja ya tochi iliyopakuliwa mara mamilioni, Brightest Flashlight, kwa sababu ilikuwa inapeleka mahali watu walipo kwa mitandao ya matangazo bila kuwaeleza. Tochi! Na Januari 2024 tume hiyo hiyo iliizuia kampuni ya X-Mode, iliyokuwa imejiita Outlogic, kuuza taarifa za watu kufika mahali nyeti kama zahanati na nyumba za ibada, taarifa zilizokusanywa kupitia programu za kawaida zilizowekewa kipande cha msimbo wa kampuni hiyo. Waliozipakua hawakuwahi kuisikia X-Mode.

Ruhusa mbili zilinde kuliko zote. Ya kwanza ni ya kusoma ujumbe mfupi, kwa sababu namba za uthibitisho za benki na za fedha za simu hupita humo. Ya pili ni ile ya huduma za ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu: programu ikiipata inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Programu ya hesabu, ya mimea au ya ndege haina kazi na hizo mbili. Ikiziomba, itoe siku hiyo hiyo.

Kwenye Play Store kuna sehemu ya usalama wa data, iliyoanza 2022, inayoeleza programu inakusanya nini. Isome, lakini kumbuka maelezo hayo hujazwa na mtengenezaji mwenyewe. Mimi naongeza mambo mawili. Tarehe ya sasisho la mwisho, maana programu ya fedha isiyoguswa kwa miaka miwili siiweki. Na maoni ya waliotoa nyota mbili au tatu. Wenye nyota tano mara nyingi wamesifu siku ya kwanza, wenye moja wamekasirika. Wa katikati wameitumia wakapata kinachofaa na kisichofaa, na ndio wanaokwambia kwamba kumbukumbu zao zilipotea walipobadilisha simu. Programu zinazotumwa kama faili kwenye makundi, zikiwemo WhatsApp zilizochezewa kama ile iitwayo GB WhatsApp, usiziweke kabisa. WhatsApp wenyewe wanaweza kuifungia akaunti yako kwa hilo, na Play Store haikupitia kilichomo ndani.

Za mapishi na mazoezi sina mengi. Nyingi hukupa siku saba za bure zikitaka kadi kwanza. Ukiweka kadi, ujue kuifuta programu hakusitishi malipo. Inabidi uingie Play Store, sehemu ya malipo na usajili, usitishe huko. Mazoezi ya nyumbani na pilau vinapatikana bila kadi.

Nimalizie na mwenzako, kwa sababu bado anaumia. Kilichompata kimewapata wengi mpaka Benki Kuu ya Tanzania, Novemba 2024, ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Google nayo tangu mwaka 2023 inazizuia programu za mikopo binafsi zilizomo Play Store kuchukua orodha ya majina na picha za simu. Ndiyo maana wakopeshaji wa aina hii hupenda kumtumia mtu kiungo au faili aliweke mwenyewe, nje ya Play Store.

Kuifuta programu ni lazima, lakini hakutarudisha majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Kwa hiyo kabla ya kufuta apige picha za skrini: jina la programu, mkataba kama upo, kiasi alichokopa na anachodaiwa, ruhusa ilizopewa. Ujumbe wa vitisho asiufute hata ukimuumiza kuusoma, na awaombe waliopigiwa simu wamtumie picha za walichoandikiwa pamoja na namba zilizotumika. Asitume fedha kwenye namba binafsi ya mtu anayempigia akijiita afisa makusanyo. Deni ni deni, lakini lilipwe mahali penye risiti. Ushahidi huo aupeleke polisi apate RB (namba ya taarifa yake), na nakala kwa Benki Kuu na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo sheria niliyoitaja imeipa kazi ya kupokea malalamiko ya namna hii.

Na leo hii hii awaandikie watu wake mwenyewe, wasisikie kwa mwingine. Unaweza kumsaidia kuandika hivi: "Ndugu, namba yako ilichukuliwa kutoka kwenye simu yangu na programu ya mikopo bila ridhaa yako. Wakikupigia au kukuandikia kuhusu mimi, usilipe chochote wala usiwape taarifa zako. Nitumie picha ya ujumbe wao na namba waliyotumia. Nimeshalipeleka suala hili kwa vyombo vinavyohusika. Naomba radhi kwa usumbufu." Aitume akishafika polisi, ili kila neno lililomo liwe kweli.